Kwa Nini Syntiche Alikataa Kumbeba Mtoto

Kila Alhamisi Syntiche alikuwa na safari tatu: shule, soko na kanisa. Akitoka shuleni alipitia soko la Kampemba, mjini Lubumbashi, kumsaidia mama yake, Mama Agnès, kufunika meza yake ya samaki wakavu kutoka Pweto, mji wa ziwani. Kisha alikimbia nyumbani, mtaa wa Bel-Air, kuoga, maana katika kwaya ya watoto alisimama karibu na rafiki yake Kiki, na Kiki hakuwa mtu wa kunyamaza akisikia harufu ya samaki.

"Leo tunaimba na Pweto muzima," Kiki alisema siku moja, na kwaya yote ikacheka mpaka mazoezi yakachelewa. Tangu hapo Syntiche hakukosa kuoga hata Alhamisi moja.

Basi Alhamisi hiyo, akiwa bafuni, aliona vipele vitatu tumboni mwake. Vilikuwa vidogo na vyekundu, na kimoja kilikuwa na maji ndani. Akavikuna, vikazidi kuwasha. Tusidanganyane: Syntiche alijua ni nini. Fils, mvulana anayeketi dawati la mbele yake, alikuwa amekosa masomo kwa wiki mbili, na mwalimu alikwisha kuwaambia kwamba Fils ana varicelle, yaani tetekuwanga, na kwamba ugonjwa huo hupenda kuhama kutoka mtu mmoja hadi mwingine. Syntiche alivaa gauni lake haraka, kana kwamba asipovitazama vipele vile vitaondoka vyenyewe.

Msichana wa miaka kumi na miwili hafichi ugonjwa bila sababu, na yeye alikuwa na sababu kubwa. Parokia yao ilikuwa na parokia ndugu huko Mulonga, kijiji cha wakulima upande wa Zambia. Miezi sita nyuma, watu wa Mulonga walikuja Lubumbashi kuwatembelea, na mmoja wao, mwanamke aliyeitwa kwa heshima Ba Chola, alilala kwao kwa wiki nzima. Alikuwa na mimba, akitapika asubuhi na jioni. Syntiche alimwachia kitanda chake, akamchemshia maji ya tangawizi, akamshika mkono kila alipoinama kutapika. Siku ya kuagana Ba Chola alimwambia, "Nikizaa mutoto mwanamuke, nitamupa jina yako."

Watu husema mengi wakiaga, lakini Ba Chola hakuwa na maneno ya hewani. Alijifungua msichana, akampa jina la Syntiche. Sasa zamu ya kusafiri ilikuwa ya watu wa Lubumbashi. Wangeondoka Jumamosi, na Jumapili mtoto abatizwe huku kwaya ikiimba. Nyumbani Syntiche alikuwa mtu wa kutumwa chumvi na kuosha sufuria. Huko Mulonga alikuwa somo wa mtu, yaani mwenye jina lake, na alingojwa na kijiji kizima.

Jioni ile, mazoezi yalipokwisha, kiongozi wa kwaya alipiga makofi kuwanyamazisha. Aliitwa Maman Honorine, fundi wa cherehani, mwanamke mwenye sauti ya kusikika bila kipaza sauti.

"Bon, batoto, musikie muzuri," alisema. "Mwenye iko na homa, mwenye anakohoa, mwenye iko na vipele ku mwili, atabakia. Kule Mulonga kuko batoto badogo sana, na hospitali kubwa iko mbali. Musinifiche kitu. Kuko mwenye kuwa na kitu ya kusema?"

Wavulana wawili walisukumana na kucheka. Syntiche aliinamisha macho, akaanza kuhesabu misumari ya benchi.

Ijumaa usiku homa ilimpanda. Mama Agnès alikuwa akifunga zawadi ambazo Syntiche angepeleka, samaki wakavu na kitenge kipya cha kumbebea mtoto, lakini jicho la mama halifungwi pamoja na mizigo. Aliona sahani ya binti yake haijaguswa.

"Juu ya nini haukule?"

"Niko na furaha mingi, mama. Njaa haiko."

Mama Agnès alicheka, akaendelea kufunga kamba. Alipogeuka kutafuta mkasi, Syntiche alitoa vidonge viwili vya paracetamol kwenye droo. Kimoja alikimeza palepale. Cha pili alikificha ndani ya soksi kwa ajili ya safari.

Jumamosi alfajiri basi lilikuwa limeegeshwa mbele ya kanisa. Maman Honorine alisimama mlangoni akimuuliza kila mtoto kabla hajapanda. Syntiche alikuwa amevaa sweta la mikono mirefu lililofungwa vifungo hadi shingoni.

"Syntiche, uko muzuri?"

"Niko muzuri, maman."

Uongo wa kwanza ulikuwa wa kunyamaza, wa pili wa kumchekesha mama, na huu wa tatu ulitoka bila shida yoyote. Uongo ndivyo ulivyo. Ukishaufungulia mlango, unaleta na ndugu zake.

Walipofika mpakani jua lilikuwa kali. Kidonge cha pili kilikuwa kimekwisha kumezwa, na mpimaji wa afya, aliyekuwa akitafuta wagonjwa wa mpox, ugonjwa hatari wa vipele, aliposogeza kipimajoto kwenye paji la uso la Syntiche hakuona homa. Akamwomba aonyeshe viganja, navyo vilikuwa safi kabisa. "Pita," akasema. Syntiche alipita.

Ndani ya basi Kiki alimtazama kwa muda mrefu.

"Weye unasikia baridi na hii jua?"

"Sweta ni yangu, haiko yako."

"Na hii ku shingo ni nini?"

"Mbu."

"Mbu ya kwenu iko na meno," Kiki alisema. Lakini hakucheka, na Syntiche aligeukia dirishani kabla hajaulizwa swali jingine.

Walipokaribia kijiji, Maman Honorine aliinuka kuwaeleza desturi za wenyeji. Wasalimie kwa kupiga magoti kidogo. Wasikatae chakula. Kisha akamgeukia Syntiche.

"Weye uko na kazi yako. Ukoo wa Ba Chola bako na desturi. Somo akifika, anapokea mutoto pale ku mulango, mbele ya kukaa, mbele ya kunywa maji. Akimubeba, jina imesimama. Asipomubeba, ni kama amerudisha jina yake. Kwa hiyo usizubae."

Syntiche alijibu kwa kichwa tu. Kwa siku mbili alikuwa ameiwaza safari, akauwaza na ubatizo na sifa. Ajabu ni kwamba hakuwa amemuwaza mtoto mwenyewe, mtoto wa wiki tano. Sasa alimuwaza, akavuta mikono ya sweta hadi vidoleni.

Mulonga ilikuwa imetoka nje. Wanawake walipiga vigelegele, wazee walipiga makofi ya polepole ya heshima, na kila upande uliitika, "Mwaiseni, mwaiseni," maana yake karibuni. Kutoka nyumba ya tofali nyekundu akatokea Ba Chola, amenenepa kidogo, uso wote kicheko. Mikononi alikuwa na furushi la kitambaa cheupe. Vigelegele vikanyamaza. Wote walitaka kuona.

"Syntiche," alisema kwa Kiswahili alichorithi kwa mama yake, mzaliwa wa Pweto. "Jina yako hii. Pokea."

Syntiche alinyoosha mikono. Sweta likapanda, na juu kidogo ya kifundo cha mkono akaona kipele kipya ambacho asubuhi hakikuwapo, kimejaa maji, kinang'aa. Mtoto alikuwa macho. Alipiga miayo, kinywa chekundu kisicho na jino hata moja, akamkazia macho kama mtu anayejaribu kukumbuka wameonana wapi.

Syntiche akarudisha mikono. Akapiga hatua moja nyuma, kisha ya pili.

Shangazi mmoja mzee, dada wa baba yake Ba Chola, aliguna, akamwambia jirani yake jambo kwa Kibemba, na jirani akatikisa kichwa.

"Syntiche," Maman Honorine alinong'ona kwa ukali. "Pokea mutoto."

Kicheko cha Ba Chola kilikuwa kimekwisha. Alimvuta mtoto kifuani. Hakukasirika, na afadhali angekasirika. Aliuliza kwa sauti ya chini tu, "Syntiche, tulikukosea nini?"

Hapo ndipo Syntiche alipoona njia mbili za kuendelea kuficha. Angeweza kunyamaza, na hawa watu waliomngoja wangeamini amewadharau. Angeweza kumpokea mtoto kwa dakika moja tu, apige picha, amrudishe, na pengine lisitokee lolote. Pengine. Akapiga moyo konde.

"Haiko mweye," alisema, machozi yakimtoka. "Ni miye. Niko mugonjwa. Niko na vipele ku mwili yote tangu Alhamisi. Nilificha juu nilitaka kuja. Nitamuambukiza mutoto."

Akafungua vifungo viwili vya sweta ili waone. Mtu mmoja nyuma alitaja mpox, na umati ukarudi nyuma wote kwa pamoja. Akina mama walivuta watoto wao. Ba Chola alikwisha kuingia ndani na kufunga mlango, jambo ambalo mama yeyote mwenye akili angelifanya. Syntiche alibaki peke yake katikati ya uwanja.

Mtu mmoja tu alimwendea, naye ni Maman Honorine. "Twende kwa nesi," alisema. Hakuongeza neno njia nzima, na kimya cha mwanamke yule kilimwumiza Syntiche kuliko kelele zake zote.

Zahanati ya Mulonga ilikuwa na vyumba viwili na nesi mmoja, Ba Kasonde, mwanamume mpole aliyevaa miwani iliyofungwa kwa uzi. Alimchunguza Syntiche mgongo, tumbo, kinywa, viganja na nyayo. Aliuliza homa ilianza lini, na nani mwingine aliugua. Syntiche alimweleza kila kitu, hata kidonge cha ndani ya soksi, na Maman Honorine alitafsiri kwa Kibemba bila kupunguza wala kuongeza.

"Si mpox," nesi alisema mwishowe. "Hii ni tetekuwanga."

Maman Honorine alishusha pumzi, akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. Lakini nesi aliinua kidole. Kwa mtoto mkubwa, alieleza, ugonjwa huu ni kuwashwa na kukosa shule. Kwa mtoto wa wiki tano unaweza kuwa kifo. Je, alimgusa? Hapana. Alimpumulia karibu? Alisimama mbele yake kwa muda mfupi tu, uwanjani penye upepo.

"Basi tutahesabu siku ishirini na moja," nesi alisema. "Zikipita bila kipele, mtoto amesalimika. Kabla ya hapo sitamwahidi mama yake kitu."

Ziara iliendelea, lakini kwa kuchechemea. Watoto wote wa kwaya walikatazwa kuingia nyumba yenye mtoto mchanga, wakaimba uwanjani wakiwa wamesimama mbali na wenyeji. Ubatizo uliahirishwa. Shangazi mzee alisema waziwazi kwamba mtoto hawezi kuitwa jina la mtu aliyemletea ugonjwa mlangoni, na wazee wakaona heri wangoje. Syntiche aliyasikia hayo kutoka chumba cha nyuma cha zahanati, pamoja na nyimbo, na ile sehemu yake ikiimbwa na Kiki. Alilia mpaka mto ukalowa.

Jumatatu basi lilirudi Lubumbashi bila yeye, kwa kuwa mtu mwenye vipele vibichi asingevuka mpaka. Maman Honorine alibaki kumwuguza. Yeye alikuwa ameugua tetekuwanga utotoni, hivyo hakuogopa, lakini nyumbani cherehani yake ilikuwa inamngoja na sare kumi na tisa za wanafunzi.

"Banamuke ya zile sare batanitukana," alisema akimpaka Syntiche dawa nyeupe ya kutuliza mwasho. "Batasema Honorine amekula feza, amekimbia Zambia."

"Unisamehe, maman."

"Nitakusamehe. Lakini uone kwanza. Uongo ulisema peke yako, na sisi bote tunabeba muzigo."

Kila mchana chakula kililetwa na kuachwa juu ya kigoda mbele ya mlango: ugali, maharage, siku moja kuku mzima. Aliyekileta alikuwa Ba Chola mwenyewe. Alisimama mbali, chini ya jua, akauliza kama homa imeshuka, kisha akaenda zake. Kuhusu jina hakusema lolote, na Syntiche hakuthubutu kuuliza.

Jumamosi iliyofuata vipele vilikuwa vimekauka vyote, na nesi akawaruhusu. Nyumbani Mama Agnès hakumpiga. Alimkumbatia kwanza, kisha akamketisha, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Ungeniambia Alhamisi ile," alisema, "ningeenda kwa padri. Tungesogeza safari wiki mbili. Ule mutoto wa Mulonga alikuwa anakimbia wapi?"

Katika hesabu zote za Syntiche za siku zile mbili, hilo halikumjia hata kidogo: kwamba angesema ukweli na bado asipoteze kitu.

Siku zikawa zinakwenda kwa mwendo wa kinyonga. Siku ya kumi na nne ya hesabu ya nesi, mdogo wa Kiki alileta habari mlangoni: Kiki ana homa, na tumbo lake limejaa vipele. Syntiche aliketi chini. Kama Kiki, aliyeketi naye kwenye basi, ameupata, je, yule mtoto aliyemkazia macho? Usiku ule alimwona ndotoni, na mchana darasani hakusikia mwalimu anasema nini. Kila simu ya mama yake ilipolia, alikimbia kusikiliza ni nani.

Alikwenda hadi dirisha la Kiki kuomba msamaha. Kiki alitoa uso wenye madoa meupe ya dawa.

"Nilijua haikuwa mbu," Kiki alisema. "Ningesema. Na miye nilinyamaza." Akajikuna. "Sasa enda, uniletee mandazi. Deni hautalipa na machozi."

Jumapili ya siku ya ishirini na mbili, Mama Agnès alikuwa akisonga ugali simu ilipolia. Alitazama kioo, akafuta mkono kwenye kitenge, akaweka sauti kubwa.

"Mama Agnès, ni miye Chola. Syntiche iko pale?"

"Iko hapa. Anasikia."

Syntiche alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Mutoto iko muzima," sauti ilisema. "Nesi alimuangalia leo asubuhi, kichwa mpaka miguu. Hakuna hata kipele kimoja. Na mu kijiji, hakuna mutoto mwenye amegonjwa."

Mama Agnès alimshukuru Mungu kwa Kiswahili na kwa Kiluba. Syntiche alisogea karibu na simu. Alikuwa na swali moja.

"Na jina?"

"Tumetoka ku misa sasa hivi," Ba Chola alisema. "Amebatizwa. Padri aliuliza mutoto anaitwa nani. Mbele nifungue kinywa, shangazi njo alijibu. Alisema: Syntiche."

"Shangazi?"

"Yeye mwenyewe. Nilimuuliza juu ya nini. Alisema: ule mutoto aliona tutamukasirikia, aliona tutamufukuza, na alisema tu. Angenyamaza dakika moja, tungemupa mutoto na furaha, na leo tungekuwa ku makaburi. Jina ya muntu vile, haturudishe."

Hapo Syntiche alilia kwa sauti, kilio cha mtu aliyetua mzigo aliobeba kwa wiki tatu. Ugali ulianza kuungua, na hakuna aliyejali. Mama yake alimwacha alie hadi aliponyamaza mwenyewe, ndipo akaketi karibu naye.

"Wazee wanasema, mficha maradhi kifo humwumbua," alisema. "Weye ulificha, na kidogo kifo ikuumbue mu nyumba ya bengine. Shangazi anakusifu, na miye pia ninakusifu, juu kusema kweli mbele ya bantu yote si kitu kidogo. Lakini usikie mama yako. Ile kweli ulisema kule Mulonga, ungeisema hapa ku bafu, haingeliza muntu. Kweli haiozi kama samaki, lakini ukiichelewesha, bengine njo banalipa. Siku ingine ukiwa na kitu ku mwili ao ku roho, unaniambia siku ile ile. Hata nikiwa na kazi. Hata ukiogopa."

"Ndiyo, mama."

"Na nikikasirika?"

Syntiche alifuta pua. "Nitakuambia vilevile."

Mama Agnès alimvuta kifuani. Kisha wakaugawana ule ugali ulioungua, na Syntiche, ambaye hakuwa amekula vizuri kwa wiki tatu, akaomba aongezewe.